Hodi Mbele ya Pazia

Furaha mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na kwaya, na ninaijua kwaya yenu. Kuagana kwenu ni nyimbo saba, maombi mawili na sahani za wali. Kwa hiyo nina muda. Saluni nimewaambia leo siji, mgongo unauma. Mgongo hauumi, Mungu anisamehe. Nimekaa hapa jikoni kwenye meza ya kupigia pasi, dirisha liko wazi, na kalamu yako ya shule inaandika vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kesho unahamia Westville. Watu wananicheka eti ninamlilia mtoto anayekwenda mahali pa kupanda taxi mbili tu. Waache wacheke. Wao hawajui kwamba miaka kumi na tisa sijalala nyumba ambayo wewe hukuwemo.

Sitakuandikia habari za gesi, wala kula kabla ya mtihani, wala wavulana. Hayo nimeyasema mpaka umejifunza kuniiga. Unadhani sikusikii ukiwachekesha wenzako kwa sauti yangu. Nataka kukuandikia juu ya neno moja ulilosema Jumatano.

Ulipita saluni nikiwa nasuka. Ukatuonyesha kwenye simu mkataba wa ile nyumba. Mko watatu, lakini mwenye nyumba anataka sahihi moja tu, na sahihi hiyo ni yako. Lindiwe, rafiki yako wa darasani, na yule mwenzenu wa tatu watakaa chini ya jina lako. Mteja wangu akauliza, na wakikushinda? Ukajibu bila hata kufikiri: "Lindiwe akianza kusumbua, minabadilisha kitasa tu. Contract iko na jina yangu. Sharp!" Saluni nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikakosea msuko, nikaufumua.

Maana ulichokisema kwa mzaha, mimi nilikitenda. Ulikuwa na miaka saba.

Unaijua hadithi wanayoisimulia kanisani, ya jengo letu la karibu na mtaa wa Point kufungwa minyororo, na Mama Furaha akasimama mbele ya geti mpaka likafunguliwa. Umeisimulia hata chuoni, uliniambia mwenyewe. Ni hadithi nzuri, na mimi nimeiacha itembee miaka tisa bila kuisahihisha. Sasa nakuomba uisome ilivyokuwa, kuanzia mwanzo, na mwanzo wake si geti.

Tulipofika Durban kutoka Uvira, mimi na baba yako na wewe mgongoni, tulikaa nyuma ya pazia la mtu. Ndivyo wengi wetu tulivyoanza. Flati moja ina jina la mtu mmoja kwenye mkataba, na huyo anagawa sebule kwa mapazia, kila familia na kipande chake. Unaweza kusikia jirani akigeuka kitandani. Lakini tulikuwa na desturi yetu, na hakuna aliyetufundisha: hakuna mtu anayegusa pazia la mwenzake bila kupiga hodi. Hata mtoto alijua. Unasimama, unasema hodi, unangoja karibu. Kitambaa tu, lakini kilikuwa mlango wa mtu, na nyuma yake kulikuwa na nyumba yake.

Baba yako alipokwenda Johannesburg kutafuta maisha na maisha yakamchukua moja kwa moja, mwenye saluni alinidhamini nikapata flati kwa jina langu. Sikuficha furaha yangu. Nilitundika mkataba ukutani kama picha ya harusi. Watu wakaanza kuniita mama wa flati, nami nikaanza kutembea kama mama wa flati. Nilikuwa na mapazia manne. La nne, karibu na jiko, alikaa Mama Divine.

Ndiyo, huyo huyo. Mama Divine unayemwita mama mdogo, anayewasaidia wapangaji kila Jumamosi, aliyekufundisha kuvuka barabara kwenye robot, zile taa za barabarani. Nimewaacha watu wa kanisani waamini kwamba tulijuana siku ya geti, na wewe uamini kwamba alituhama kwa hiari yake. Tulijuana kabla.

Alikuja kutoka Bujumbura akiwa na Divine wa miezi mitatu. Hakuwa na ndugu hapa. Alifua, alipika, alisali kwa sauti ndogo. Divine ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. Alilia, mwanangu! Alilia kama aliyelipwa. Aliishi nasi miezi kumi na mmoja.

Ndipo akaja wakala wa jengo. Alihesabu magodoro, akaniambia mko wengi, punguza watu, ama nitakupunguza wewe. Hakuwa na haki ya kunitisha hivyo, sasa ninajua. Wakati ule niliogopa. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inakaribia kuisha, na mimi nilikuwa na imani moja, imani ya wengi wetu: kwamba mtu mwenye karatasi ya kuomba hifadhi hana haki ya nyumba, anavumiliwa tu. Nikatafuta nani wa kupunguza. Mapazia mengine yalikuwa ya watu wa kwetu, watu wa Uvira, na nyumbani wangenisema. Mama Divine hakuwa na mtu wa kunisema.

Alitoka alfajiri, mtoto mgongoni, kwenda kupanga foleni ya kufanyisha upya karatasi zake. Unazijua foleni zile. Nilijua hatarudi kabla ya jioni. Nikamwita fundi, akabadilisha kitasa. Kisha nikaenda kutoa vitu vyake.

Nilipofika mbele ya pazia lake, ulimi wangu ukataka kusema hodi, kwa mazoea tu. Nikaumeza ulimi wangu, nikafungua.

Nilikunja nguo zake vizuri. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, Furaha. Nilikunja vitenge, nikapanga nepi, nikafunga sufuria yake ya maharage kwa kitambaa ili isimwagike, nikaviweka vyote kwenye korido. Nilidhani kukunja vizuri ni wema.

Alirudi jioni. Alijaribu ufunguo wake, akajaribu tena. Hakupiga kelele. Akasema kutoka nje, "Mama Furaha, kuna nini?" Nami nikamjibu kupitia mlango, "Bakubwa banasema tuko bengi. Nenda kwa batu ya kwenu. Miye sina namna." Halafu akasema, "Sawa. Nipe tu beseni ya mtoto, imebaki bafuni."

Nilisahau beseni. Sikuwa na uso wa kulipeleka, nikakutuma wewe. Uliinua lile beseni la buluu, karibu likuzidi, nami nikafungua mlango upana wa beseni tu. Nilikuona ukipita jikoni kwanza. Ulichukua mkate wako wa shule wa kesho yake, uliofungwa tayari, ukauweka ndani ya beseni. Hukuniuliza. Uliporudi ukauliza kwa nini Mama Divine analala nje, nikakwambia amepata kazi Mobeni, anahamia huko. Ilikuwa uongo. Baadaye ikawa kweli, alipata kazi ya usafi kwenye ghala huko Mobeni, lakini usiku ule hakuwa na Mobeni wala pengine popote. Walilala siku nne kwenye benchi za kanisa fulani.

Miaka mitatu ikapita. Jengo likanunuliwa na mtu mwingine ambaye hatukuwahi kumwona uso. Maji yakakatwa, yakarudi, yakakatwa tena. Barua zikawa zinapitishwa chini ya mlango, kwa Kiingereza, zikisema tuondoke. Mimi nilizifungia vitunguu. Halafu siku moja asubuhi, watu wako kazini na nyinyi mko shuleni, wanaume walikuja na minyororo wakafunga geti. Mlinzi mpya akasimama pale. Sufuria zetu, vitanda vyetu, karatasi zetu, vyote ndani.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikausikia mkuki. Ulikuja kutoka shuleni ukanikuta pale, ukakaa kando yangu ukafungua daftari ukaanza hesabu.

Watu wakapiga simu huku na huku. Mmoja alikuwa na namba ya mwanamke anayewasaidia wapangaji, anayesema Kiswahili, Kizulu na Kiingereza. Jioni akashuka kwenye taxi na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi. Nilipomtambua nilijificha nyuma ya friji ya duka la jirani. Mimi, na mwili huu, nyuma ya friji.

Alinipata. Alinitazama, akanitambua naye, nikaona amenitambua. Akasema, "Mama Furaha, acha kulia. Unawajua watu wote hapa. Nipangie majina, kila flati, kila mtu, na watoto. Nataka majina."

Nikaandika majina.

Baadaye nilijua alikojifunza kazi hiyo. Kule ghalani Mobeni, mwanamke aliyefagia naye alimwambia: dada, nchi hii hakuna anayetolewa mahali anapoishi bila amri ya korti. Hata anayechelewa kodi. Hata mgeni. Hata aliyekaa kwa mpangaji mwenzake. Hawezi kufungiwa mlango, hawezi kukatiwa maji ili achoke aondoke. Na kuna baraza la mambo ya nyumba za kupanga ambako unashtaki bila kulipa. Mama Divine aliniambia kwamba siku aliyosikia hayo hakulala, maana alihesabu kwamba aliyajua akiwa amechelewa. Mwingine angekasirika akaishia hapo. Yeye akaanza kwenda Jumamosi kwenye kamati ya wapangaji, akitafsiri kwa ajili ya watu wetu, ili mwingine asichelewe.

Kwa hiyo aliyesimama mbele ya geti ni yeye. Alimwuliza mlinzi kwa Kizulu, taratibu, bila kumvunjia heshima, baba, karatasi ya korti iko wapi? Polisi walipofika akawauliza swali hilo hilo. Hapakuwa na karatasi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mfuko wake wa plastiki. Hiyo ndiyo kazi yangu katika ile hadithi ya kanisani: kushika mfuko.

Tulilala nje siku mbili. Siku ya pili alituletea wakili, msichana mdogo asiyelipisha, akaketi juu ya kreti ya soda akatuandikia hati za kiapo, mmoja mmoja. Mama Divine alitafsiri. Zamu yangu ikafika. Wakili akauliza, tangu umeingia humu, ndani ya flati yako wameishi nani na nani?

Nikataja. Mimi na binti yangu. Familia ya pazia la kwanza, la pili, la tatu. Mama Divine hakuniangalia, aliangalia kalamu ya wakili. Ningeweza kuishia pale, mwanangu. Lakini ilikuwa kiapo, na nilikuwa nimechoka kumeza ulimi.

Nikasema, "Na pazia la nne, Mama Divine na mutoto wake."

Akatafsiri. Wakili akainua kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza kitu. Wakaongea Kiingereza wao wawili, haraka, mimi niko katikati kama mizigo. Wakili akaandika, akafungua ukurasa mwingine.

Walipomaliza nikamvuta Mama Divine pembeni. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia vile ilikuwa. Nilienda kutafuta karatasi, nikarudi nikakuta kitasa kipya. Ameniuliza kama nataka kufungua kesi."

"Ukasema nini?"

"Nimesema leo tuko na kesi ya geti. Ile ingine tutaongea siku yake."

Kesho yake hakimu aliamuru geti lifunguliwe. Hakuuliza nani ana karatasi gani. Aliuliza kama tulikuwa tunaishi mle, na kama kuna korti iliyosema tutoke. Basi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyekata mnyororo, na alicheka pamoja nasi, eish, alikuwa amechoka kusimama. Watu walinibeba juu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na orodha ya majina mkononi, na hapo ndipo hadithi yenu ilipozaliwa. Nilipaza sauti kwamba si mimi. Hawakusikia. Sikupaza mara ya pili.

Mama Divine alipanda ngazi na sisi mpaka flatini, kuhakikisha maji yamerudi. Pazia la nne lilikuwa la mtu mwingine sasa, kijana wa Fizi ambaye hakuwa amerudi kutoka kazini bado. Hapakuwa na mtu nyuma yake, sote tuliliona. Mama Divine akataka kupita kwenda jikoni kufungua bomba. Akasimama mbele ya pazia lile alilolala nyuma yake miezi kumi na mmoja, akasema, "Hodi."

Akangoja kidogo, kama desturi. Ndipo akapita.

Nililia mpaka wewe ukaogopa. Ukadhani ni furaha ya kurudi.

Nilimwomba arudi kukaa nasi. Akasema ana pake sasa, lakini asante. Tangu siku ile hajakosa kwetu hata Krismasi moja. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nilimfukuza, akarudi kuniponya hivyo hivyo, na sijui hata leo ni kwa nini Mungu alinipendelea namna hiyo. Ninaamka nikiwa na mlango, Furaha, na kila asubuhi ninapougeuza ufunguo ninamshukuru yeye. Karo yako ya shule, meza uliyosomea, kitanda ulichougulia surua, vyote vilikaa ndani ya mlango alioufungua mwanamke niliyemfungia.

Nakushukuru na wewe. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nikiwa na mkataba ukutani, na mtoto wa miaka saba aliniona ninachofanya akatia mkate ndani ya beseni. Sijawahi kukwambia kwamba niliona. Niliona.

Mara nyingi nimejitetea moyoni kwamba sikujua sheria. Ni kweli, sikuijua. Lakini hodi niliijua tangu nikiwa mtoto, na ndiyo niliyoimeza. Wewe sheria unaijua, unaisoma mpaka usiku. Na bado Jumatano ulicheka. Sikulaumu. Jina kwenye mkataba linalevya, limenilevya mimi nisiyekunywa.

Lindiwe ana pesa zinazochelewa, uliniambia mwenyewe, za msaada wake wa chuo. Siku zitafika atakuudhi. Atakula maziwa yako, ataleta watu, atakosa kodi, na mwenye nyumba atakupigia wewe, si yeye. Siku hiyo usimwite fundi wa vitasa. Mgombane, pelekaneni kwenye baraza kama haiwezekani tena, huko kuna njia na watu wa kuwasikiliza wote wawili. Mimi nilikuwa na woga wa wakala mabegani nikaupakua kwa aliye chini yangu. Mwenye nyumba wako akikusukuma, msukumo uishie kwako, au umrudie yeye kwa barua.

Jambo moja dogo. Kwenye ule mkataba nimeona, chini ya jina lako, kuna mistari ya kuandika wanaoishi nawe. Umeiacha tupu. Na mimi yangu niliiacha tupu, kwa kuona kwamba jina langu linatosha. Kama jina la Mama Divine lingekuwa pale, sidhani ningethubutu. Kabla hujatia sahihi kesho, andika Lindiwe, na mwenzenu wa tatu, majina yote mpaka la ukoo.

Kesho saa mbili asubuhi Mama Divine anakuja na bakkie, gari dogo la mizigo la shemeji yake, kubeba vitu vyako. Mtapitia vyumba pamoja na mwenye nyumba kabla hamjapokea ufunguo, atakuonyesha cha kupiga picha na cha kuandika. Nani bora kuliko yeye? Beseni limo katika mizigo yako. Si lile la buluu, lile alilibeba yeye, na Divine ameniambia bado wanalo.

Ile kesi ingine, ya kitasa, haijawahi kuwa na siku yake. Miaka tisa tumeongea kila kitu isipokuwa hiyo. Nimempelekea samaki kutoka Bluff, nimemsuka Divine kila mwezi tangu ana nywele za kushikika, nikifikiri nywele zitasema kwa niaba yangu. Hazijasema. Yeye hajanikumbusha, na nadhani hatanikumbusha kamwe.

Tangu ulipotoka, kati ya ukurasa na ukurasa, nimejizoeza hapa jikoni, kwa sauti, jiko likinisikiliza. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analiweza. Nataka nilitamke mbele yake na wewe ukiwepo, kwa kuwa ulikuwepo siku ile. Kama nitaanza kuongea habari za mizigo na foleni za barabarani, utajua nimeogopa, nishike mkono.

Gari likipiga honi, usishuke mbio. Ngoja apande ngazi mpaka mlangoni, apige hodi kama kawaida yake. Mimi nitasema karibu, kisha nitasema nisamehe. Usiingie garini kabla sijamaliza.

Mama yako,
aliyeuona ule mkate